Besi iliyogombana na kinanda

Hii besi ilifika kwangu hukumu yake ikiwa imeshatoka. Mwalimu wa kwaya alinipigia akasema fundi, lile gitaa tumeambiwa shingo imekufa, halitengenezeki, ila huyu kijana anayelipiga ameng'ang'ania lije kwako kwanza kabla hatujaanza kuchangisha la kununua jipya. Nikamwambia mwalimu lete tu, kuangalia hakuna bei.

Jioni dogo akatua na bodaboda, besi iko mgongoni imevishwa kiroba cha mchele maana begi lake lilishachanika. Ni nakala ya bei rahisi ya muundo wa Precision, ile besi maarufu ya Fender, nyuzi nne (E, A, D, G kuanzia mnene kwenda mwembamba), freti 20 (vile vichuma vilivyolala kukatiza shingo), jina la kichwani limeshafutika kwa jasho la watu. Kabla ya kuuliza chochote nikapima kwa tepu ya chuma (siyo ile ya fundi cherehani, ile inavutika na itakudanganya) kuanzia kwenye mfupa mpaka freti ya 12, nikapata milimita 432 hivi. Mfupa naita kile kipande cheupe cha plastiki kwenye mpaka wa shingo na kichwa ambapo nyuzi zinapita kwenye vijifereji, wenzetu wengi wanakiita nati ila mimi nati naiacha kwa ajili ya bolti tusichanganyane. Sasa ukizidisha 432 mara mbili unapata 864, hiyo ni inchi 34, kipimo kilekile alichotoka nacho yule Mmarekani Leo Fender kwenye Precision yake mwaka 1951 na besi nyingi mpaka leo zinakifuata. Kwa hiyo mpangilio wa freti haukuwa na shida, kiwanda kilipima vizuri. Hapo kidogo ile hukumu ya shingo kufa nikaanza kuitilia mashaka.

Nikamuuliza dogo, sasa inasumbuaje? Akanijibu kitu ambacho kwa kweli ndo kilinipa nusu ya jibu palepale, akasema bro, wimbo ukiwa kii ya A au D tunaenda poa kiasi, ila ukiwa kii ya F au G tunagombana na kinanda mpaka mwalimu ananikata jicho, na sauti ya nne wanaanza kunifuata mimi badala ya kinanda, wimbo mzima unapanda. Hebu fikiria hapo. Kwenye A na D anapiga nyuzi wazi muda mwingi, hakandamizi kitu. Kwenye F na G anakandamiza freti ya kwanza na ya tatu ya uzi wa E. Yaani nyuzi wazi ziko sawa, zikikandamizwa tu huku chini karibu na kichwa zinapanda. Na watu wote walioishika hii besi kabla yangu walikuwa wanahangaika na skrubu za upande wa pili kabisa, kule kwenye briji, kile chuma cha kwenye mwili kinachoshika mwisho wa nyuzi.

Maana ilishapita mikono mitatu. Kwanza dogo mwenyewe aliangalia video akazungusha skrubu za sado, yaani vile vichuma vinne vidogo kwenye briji ambavyo kila uzi unalala juu ya chake. Haikusaidia. Akaja fundi mmoja wa redio akazungusha tena. Halafu mtu wa tatu akaona sado ya uzi wa E imefika mwisho kabisa wa njia yake haiendi tena nyuma, akatoa ile springi iliyo nyuma yake ili apate milimita mbili tatu za ziada, bado ikawa shapu (sauti iko juu kuliko inavyotakiwa), ndo akatangaza msiba wa shingo.

Kwa wasioelewa hizi sado zinafanya nini, freti zote zimechongwa kwa hesabu ya uzi wa kufikirika, uzi ambao hauna unene, haukakamai na ukiukandamiza hauvutiki. Uzi wa kweli ni mnene, ni mkakamavu, na ukiubonyeza mpaka uguse chuma unavutika kidogo, na ukivutika sauti inapanda. Kwa hiyo tunaudanganya kwa kurudisha sado nyuma kidogo, uzi unakuwa mrefu kuliko ile hesabu, ile sauti iliyopanda inashuka pahala pake. Uzi mnene unarudishwa zaidi, mwembamba kidogo tu, ndo maana kwenye besi nzima utaona sado zimekaa mshazari, ya G iko karibu zaidi na shingo na ya E iko nyuma kuliko zote. Ila hilo ni rekebisho la mwisho, la kumalizia. Linachukulia kwamba uzi ni mzima, shingo imenyooka inavyotakiwa, kimo cha nyuzi kiko sawa na mfupa uko sawa. Kama kimoja hapo kimeharibika, sado inabebeshwa dhambi za wenzake.

Nikatoa namba sasa. Nilichomeka besi kwa waya kwenye tyuna ya kukanyaga, kile kifaa cha kupimia sauti, siyo simu. Dogo alikuwa anatyuni kwa programu ya simu, sikatai ziko nzuri, lakini uzi wa E wazi ni hezi 41.2 tu (mitikisiko kwa sekunde) na maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, huko chini haisikii vizuri, inashika zile sauti za juu zinazotoka pamoja na noti. Sauti ya tatu katika msururu wa E ni B, ndo maana dogo akawa anashangaa anapiga E simu inamwandikia B, akadhani simu mbovu. Nikapunguza kile kitufe cha tone cha besi mpaka chini ili tyuna isichanganyikiwe, nikaishika besi kwa mkanda kama mtu anayepiga, siyo kuilaza mezani, maana ikilala mezani shingo inaegemea na namba zinabadilika. Na unapiga kwa nguvu ileile unayopiga kanisani, ukitandika uzi kwa hasira unaanza juu halafu unashuka, utakuwa unasoma hasira zako.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unagusa tu uzi juu ya chuma cha freti ya 12 bila kukandamiza, unapiga, inalia ile kama kengele, unaiweka kwenye sifuri. Halafu unakandamiza freti hiyohiyo ya 12 unapiga tena. Zinatakiwa zifanane. Uzi wa E ukasoma senti 18 juu. A senti 9 juu, D senti 5. G ukawa hausomeki, mara 6 juu mara 4 chini, sindano inacheza ngoma. (Senti ni sehemu ya mia ya nusu toni, kutoka E hadi F kuna 100.) Nikaenda freti ya kwanza ambako watu huwa hawapimi. F kwenye uzi wa E, senti 25 juu! Hiyo ni robo nzima ya njia kuelekea F kali. Kwenye A freti ya kwanza, 12 juu.

Mtu anaweza kusema senti 25 kwenye noti ya chini vile nani atasikia, na kweli F ile ya chini ni hezi 43.65, senti 25 juu yake ni kama sita ya kumi ya hezi, sikio halishiki. Lakini noti ya besi haiji peke yake, inakuja na ukoo wake wote juu. Sauti ya nne katika msururu wake inaangukia kwenye F ya hezi 174.6 ambayo mpiga kinanda anaibonyeza kwa mkono wa kushoto kila mara, hapo tofauti inakuwa hezi mbili na nusu, yaani zinapigana wuwu-wuwu-wuwu mara mbili na nusu kila sekunde. Hiyo mtoto wa Sunday school anaisikia. Huo ndo ulikuwa ugomvi wenyewe.

Sasa kitu kilichonikwaza ni ule uzi wa E. Nilipoukandamiza kidole kilikataa, mgumu kama waya wa kuvuta gari. Nikamwambia dogo huu uzi ulinunua wapi, akasema ule wa kwanza ulikatika kwenye mkesha, jamaa anayepiga kanisa lingine akampa wa kwake ambao alikuwa hautumii, upo mpya kabisa kwenye karatasi. Nyingine zote tatu zimekaa tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nikachukua venia nikapima unene. Uzi wa E wa seti ya kawaida ni 105, yaani sehemu 105 za elfu moja za inchi, kama milimita 2.67. Huu ukasoma 3.3. Nikapima tena mara ya pili na ya tatu maana sikuamini macho yangu. Milimita 3.3 ni 130. Hiyo siyo E bana. Hiyo ni B, ule uzi wa tano wa besi za nyuzi tano!

Jamaa alimpa kwa roho safi, hakumdanganya, alitoa alichonacho, na uzi mnene ni uzi mnene. Lakini angalia kilichotokea. Uzi wa B umetengenezwa ukae kwenye hezi 30.87. Dogo akaukaza mpaka 41.2. Mkazo wa uzi unapanda kwa mraba wa sauti, kwa hiyo kutoka B kwenda E mkazo unaongezeka kama asilimia 78, karibu mara mbili ya ule uliokusudiwa. Na mpigaji hana habari, anaona tu vidole vinauma anadhani ni mazoezi.

Kuanzia hapo kila kitu kikajieleza chenyewe. Vijifereji vya mfupa vilichongwa kwa uzi wa 2.67, huu wa 3.3 haukuingia ndani, ulikuwa umekaa juu ya mabega ya kijifereji kama mtu mnene kwenye kiti cha daladala. Kwa hiyo uzi uko juu sana pale mwanzoni, ukibonyeza freti ya kwanza unausukuma umbali mrefu, unavutika, F inapanda senti 25. Mkazo ule ukaivuta shingo ikapinda mbele kama upinde, katikati ikazama, nyuzi zote nne zikawa juu, ndo maana hata A na D zikawa shapu wakati zenyewe hazina kosa. Na uzi mnene vile ukikaza ni mkakamavu kupita kiasi, kwenye freti ya 12 unadai sado irudi nyuma zaidi na zaidi mpaka briji ikaisha. Yule mtu wa tatu aliyetoa springi alikuwa anaufuata uzi wa B kuelekea mlangoni.

Kuhusu kupinda kwa shingo, unapima hivi: weka kapo (kile kibanio cha nyuzi) au kidole freti ya kwanza, bonyeza na freti ya mwisho, hapo uzi wenyewe unakuwa rula, halafu angalia upenyo kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Nakubali milimita 0.3 hadi 0.4. Nikachukua kadi ya benki, hizo zote duniani zina unene wa milimita 0.76, ikapita chini ya uzi wa E bila kugusa popote. Kwa hiyo tuko kwenye 0.8 huko. Shingo imepinda, ndiyo, lakini kupinda si kufa. Nilipofungua kile kifuniko cha trasi rodi, ile fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo ya kushindana na mkazo wa nyuzi, nikakuta hakuna mkwaruzo wowote, haijawahi kuguswa tangu kiwandani. Watu watatu wameshindana na skrubu za sado na hakuna hata mmoja aliyefungua hapa.

Nikamwambia dogo akanunue seti mpya, 45 mpaka 105, za besi ndefu, asikubali uzi mmojammoja. Za besi ndefu nasisitiza kwa sababu ukiweka za besi fupi ya inchi 30, ile sehemu ya mwisho wa uzi iliyozungushiwa hariri au iliyopunguzwa unene inaweza kuishia ndani ya mfupa, sauti inakuwa ya ajabu na utaanza kutafuta mchawi. Na nyuzi za zamani usizipime intonesheni (yaani kama sauti iko sawa kila freti) kabisa, unapoteza muda. Ule uzi wa G uliokuwa unacheza ngoma nilipoutoa nikaupitisha kati ya vidole, una vibonyeo chini pale zilipo freti na umejaa uchafu wa jasho sehemu moja kuliko nyingine. Uzi ukiwa mzito huku na mwepesi kule hautikisiki kwa ustaarabu, hakuna sado duniani ya kuurekebisha huo.

Nyuzi mpya zikaingia, uzi wa E ukazama kwenye kijifereji chake taratibu kama umerudi nyumbani. Kitu ambacho wengi wanaruka: uzi mpya wa besi haukunjiki vizuri juu ya sado, unapita kama tao, kwa hiyo mwanzo wa uzi unaotikisika hauko pale unapodhani. Bonyeza kwa dole gumba mbele kidogo ya sado, na vilevile mbele ya mfupa, uzi ukunjike kona kweli. Ukifanya hivyo utaona tyuna inashuka senti kadhaa hapohapo. Nikatyuni, nikavuta nyuzi, nikatyuni, nikaiacha ilale usiku mzima. Dogo alitaka aondoke nayo, Jumapili imekaribia, nikamwambia shingo ni mti, mti hauendeshwi kwa haraka yako.

Asubuhi upenyo umeshuka wenyewe kutoka 0.8 mpaka kama 0.55. Yaani kuondoa tu ule uzi kumerudisha sehemu kubwa bila kushika spana. Nikachukua spana ya aleni, nikazungusha nati ya trasi rodi robo mzunguko kuelekea kukaza, nikatyuni tena, nikasubiri kama saa moja nikapiga piga, halafu kidogo tena isiyofika nusu ya robo. Ikakaa 0.35. Hapa naomba tuelewane, robo kwa robo, na ukihisi nati imekataa acha hapohapo, trasi rodi ikikatika ndani hapo sasa ndo utatangaza msiba wa kweli. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 17 kilikuwa milimita 3.8 upande wa E, nikashusha sado mpaka 2.3, na G nikaacha 2. Pikapu nazo (siyo zile za kubebea matofali, hizi za kunasa sauti) mtu alizipandisha karibu ziguse nyuzi, sumaku ikiwa karibu vile inavuta uzi na noti za juu zinakuwa na wimbi lisiloeleweka, nikazishusha mizunguko miwili nikasonga mbele.

Mfupa ulinichukua muda kuliko vyote. E ulishatulia, freti ya kwanza ikawa senti 6 tu. Lakini A bado ilisoma 10, na hiyo siyo kosa la uzi wa B, ni kiwanda kiliacha kijifereji kikiwa juu, besi nyingi za bei rahisi zinakuja hivyo na mtu anaishi nazo miaka. Jinsi ya kujua: kandamiza uzi freti ya 3, halafu angalia pale juu ya freti ya 1. Uzi unatakiwa uwe umeachana na chuma kwa upenyo wa nywele, ukigonga kwa kidole usikie tik ndogo. Kwenye A ulikuwa unaona mwanga kabisa. Faili zenyewe za kazi hii sina, ni bei, kwa hiyo nikachukua kipande cha uzi wa zamani mwembamba kidogo kuliko wa A, nikakizungushia msasa laini wa maji, nikawa nasugua mara tatu nne, narudisha uzi, natyuni, nasoma, nasugua tena, huku nimekiinamisha kuelekea kwenye kichwa ili sehemu ya juu kabisa iwe ukingoni mwa shingo. Kazi ya kuchosha ile, karibu saa nzima kwa kijifereji kimoja. Ukizidisha sugua tatu tu uzi wazi unaanza kukwaruza kwenye freti na huna pa kurudia isipokuwa kuziba kwa supagluu na bekingi soda uanze upya, najua kwa sababu nilishawahi. Nikaishia senti 4, nikaacha. Nilijiuliza kama nijaribu kufika 2, nikajijibu ya nini.

Halafu sasa, mwisho kabisa, sado. Na hapa hesabu yangu ninayoipenda: kwenye besi ya inchi 34, ukirudisha sado milimita moja, uzi wazi unashuka kama senti 2 na freti ya 12 inashuka kama senti 4, kwa sababu milimita moja kwenye nusu ya uzi ni kubwa mara mbili kuliko kwenye uzi mzima. Ukishatyuni upya tofauti inayobaki ni senti 2 kwa kila milimita. Ukiijua hiyo hubahatishi tena, unasoma senti unagawa kwa mbili unapata milimita. Uzi wa E ukasoma senti 9 CHINI, siyo juu tena, maana sado bado ilikuwa kule mwisho ilikosukumwa kwa ajili ya B. Nikalegeza uzi kwanza (usizungushe skrubu uzi ukiwa umekaza, unakula kichwa cha skrubu na uzi unakatika pale), nikasogeza mbele kuelekea shingo milimita 4 na nusu, nikarudishia na springi niliyoitoa kwenye briji mbovu ya zamani, nikatyuni, sifuri. Mara moja tu. A ilikuwa 4 juu, nikairudisha nyuma milimita 2. D nilibaki nayo senti 1 sikuigusa. G ilikuwa 3 chini, mbele milimita moja na nusu. Nikaangalia briji kwa juu, sado zimekaa mshazari, G mbele E nyuma. Zikikaa zigizaga jua kuna kitu kingine kinakudanganya, mara nyingi uzi.

Halafu kuna uamuzi ambao mtu mwingine anaweza asikubaliane nao. Uzi wa E ulipokuwa sifuri kamili kwenye freti ya 12, freti ya 3 ilikuwa inasoma senti 4 juu. Nikairudisha sado nyuma nusu milimita nyingine, 12 ikawa senti 1 chini na ya 3 ikabaki 3 na kitu. Huyu dogo anapiga mapambio na sebene ya hapa na pale, maisha yake yako kati ya freti ya 1 na ya 7, freti ya 12 ya E anaifikia akitaka kujionesha tu. Kwa mpiga solo nisingefanya hivyo.

Jumamosi nikaenda nayo mwenyewe mazoezini. Dogo akachomeka, mpiga kinanda akashika F, dogo akapiga F, na bado kuna kawimbi. Kadogo, lakini kapo. Mwalimu akanitazama, mimi jasho likaanza. Nikamwambia dogo pigeni G. Kawimbi. A wazi, ambayo zamani ilikuwa poa, kawimbi nako. D wazi, kawimbi. Hapo nikapumua, kwa sababu ugonjwa wa intonesheni unabadilika ukihama kwenye shingo, hapa unazidi pale unapungua. Hitilafu ikiwa ileile kila noti, hata kwenye uzi wazi, basi besi iko sawa na nafsi yake ila haijakubaliana na mwenzake walianzia wapi. Nikachomeka kinanda kwenye tyuna yangu. A, senti 8 juu. Nikabonyeza A nyingine, 8. Zote 8. Tukaingia kwenye menyu ya kinanda, kwenye tuning imeandikwa 442, yaani hezi za noti ya A, badala ya 440 ya kawaida.

Kutoka 440 kwenda 442 ni senti 7.85, ndo hizo 8 zetu. Nani aliweka hakuna aliyejua, watoto wanabonyeza kinanda kila baada ya ibada. Na hapo ndo nikaelewa kwa nini kii ya A na D ilikuwa "poa kiasi" na siyo poa tu: mwanzoni dogo alikuwa anatyuni kwa simu, simu inasumbua kwenye E, basi anamalizia kwa sikio kufuata kinanda, nyuzi wazi zinakuwa zimesogea karibu na 442 bila yeye kujua. Mimi nilivyotyuni kwa tyuna nikaiweka 440 safi kabisa, nikamharibia. Tukarudisha kinanda 440, mpiga kinanda akashika F, dogo akapiga F, mwalimu hakusema kitu, akainua mkono kwaya ianze.

Hela nilichukua ya nyuzi na ya nusu siku, basi. Wiki sita baadaye nikapita nikaipima tena pale kanisani: upenyo wa shingo umekuwa 0.4, E freti ya 12 senti 2 chini, A sifuri, D 1, G 1. Sikugusa kitu. Ule uzi wa B ninao kwenye droo, yule jamaa aliyeutoa aliposikia kisa chote alicheka akasema nimrudishie maana wa kwake wa tano umekatika, nimemwambia sikushauri kaka, huu umeshakazwa karibu mara mbili ya kipimo chake kwa miezi, nunua mwingine.